Nani Aliyechora Mistari ya Uwanja wa Pete?

Wapenzi wasikilizaji, katika mazungumzo yetu ya juma hili nataka tuangalie jambo la michezo. Najua wapo watakaosema kwamba michezo ina kipindi chake, na kwamba saa hii ni ya mambo mazito. Nawaomba wavumilie kidogo. Mahali watu wanaposhindana ndipo jamii inapotamka waziwazi ni nani inamwamini na ni nani haimwamini.

Siku chache zilizopita nilipita Kasulu mjini. Mitaa ya karibu na soko ina vibanda vya gemu, ambamo vijana hulipa hela kidogo, wakakaa kwenye benchi mbele ya televisheni na kushindana mpira wa kwenye kioo. Nilisimama kwenye mlango wa kibanda kimoja kujikinga na mvua. Akaingia binti wa miaka kumi na sita hivi, sare ya shule ingali mwilini, akatoa hela yake na kuomba zamu. Kijana mmoja akamwambia, "Dada, huu si mpira wa pete." Wote wakaangua kicheko. Binti hakujibu. Alisubiri zamu yake, akapewa kifaa cha kuchezea, akafungwa mabao mawili. Halafu naye akafunga moja, bao safi. Kijana aliyesimama nyuma yake akasema, "Amebahatisha." Yule aliyefunga mawili hakuambiwa na mtu kwamba amebahatisha.

Mvua ilipokatika nilipanda gari kwenda Kibondo, na njia nzima maneno yale yalikuwa yakinizunguka kichwani. Huu si mpira wa pete. Nikajiuliza: huo mpira wa pete wenyewe ulitoka wapi? Na ni nani aliyeamua kwamba ndio mchezo wa wasichana, na kwamba michezo mingine yote ina wenyewe?

Kila msikilizaji aliyesoma shule katika nchi hii anaijua picha ninayoieleza. Jioni, uwanja mkubwa wenye magoli mawili ni wa wavulana. Pembeni, karibu na bustani au nyuma ya madarasa, kuna uwanja mdogo wenye nguzo mbili na pete mbili za chuma, mistari yake imechorwa kwa majivu. Huo ni wa wasichana. Ukiuliza kwa nini iwe hivyo, utajibiwa kwamba ndivyo ilivyo tangu zamani. Lakini hiyo zamani ina tarehe, na wahusika wake wanajulikana kwa majina.

Mwezi Desemba mwaka 1891, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mwalimu aitwaye James Naismith alitundika vikapu viwili vya kuwekea matunda katika ukumbi wa mazoezi, akawapa vijana wake mpira wautie humo. Ndivyo ulivyozaliwa mpira wa kikapu. Mwaka uliofuata, mwalimu wa kike aitwaye Senda Berenson aliuchukua mchezo huo na kuupeleka katika chuo cha wasichana cha Smith, katika jimbo lilo hilo. Aliupenda, lakini aliona kwamba wazazi na wakubwa wa zama zile wasingekubali mabinti zao wakimbie, wagongane na kunyang'anyana mpira. Madaktari wengi wa siku hizo walikuwa wakifundisha kwamba mwili wa mwanamke una akiba ndogo ya nguvu, na kwamba akiitumia michezoni atakosa ya kuzalia.

Basi Senda Berenson akabadili kanuni. Uwanja akaugawa sehemu tatu, na mchezaji akakatazwa kutoka katika sehemu yake. Kumpokonya mwenzako mpira kukawa kosa. Mpira usishikwe zaidi ya sekunde tatu. Wasichana wa chuo hicho walipocheza pambano lao la kwanza mwezi Machi 1893, wanaume hawakuruhusiwa kuingia kutazama.

Mwaka huo huo wa 1893 mchezo ulivuka bahari hadi Uingereza, katika chuo cha kuwafundisha wanawake ualimu wa mazoezi ya viungo kilichoongozwa na Martina Bergman-Österberg, mama aliyetoka Sweden. Miaka michache baadaye vikapu viliondolewa, zikawekwa pete. Mwaka 1901 kanuni zikachapwa. Kutoka hapo walimu wa kike wa Kiingereza waliubeba mchezo huo kila ilikopepea bendera yao: Australia, New Zealand, Jamaika, Uganda, Malawi, na hapa kwetu Tanganyika, ukaingia kupitia shule za wasichana.

Sasa tazama uwanja wa pete wa shule yoyote ya Kasulu au Kibondo. Wachezaji ni saba kila upande, na kila mmoja amebandikwa herufi kifuani zinazomwambia aende wapi na asiende wapi. Mlinzi wa goli havuki theluthi yake ya uwanja. Wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu. Ukiudaka mpira huruhusiwi kukimbia nao, na anayekuzuia hana budi kukaa mbali nawe hatua moja. Mistari ile ya majivu inayochorwa na watoto wetu ilichorwa kwanza na hofu ya watu wa mbali, zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Sisemi haya ili tumlaumu Senda Berenson. Kwa zama zake alifungua mlango uliokuwa umefungwa kabisa. Ila mlango aliufungua nusu, na waliokuja baada yake wakadhani nusu ile ndiyo upana wa mlango wenyewe.

Wapenzi wasikilizaji, wale waliojaribu kupita bila kuomba ruhusa waliyaona. Tarehe 26 Desemba 1920, katika uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool, timu ya mpira wa miguu ya wanawake wa kiwanda, iliyoitwa Dick, Kerr Ladies, ilicheza mbele ya watazamaji wapatao 53,000. Huo ulikuwa umati ambao timu nyingi za wanaume zingeuonea wivu. Haukupita mwaka. Tarehe 5 Desemba 1921 chama cha mpira cha Uingereza kilipiga marufuku wanawake kucheza katika viwanja vya klabu zake, kwa maelezo kwamba mchezo huo hauwafai. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka 50. Tukumbuke kwamba Waingereza ndio waliokuwa wakiitawala Tanganyika wakati huo. Basi tusishangae kwamba mpira ulipoletwa mashuleni, wavulana walipewa wa miguu na wasichana wakapewa wa pete.

Mfano mwingine ni wa mbio. Katika Michezo ya Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928, wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kukimbia mita 800. Lina Radke wa Ujerumani alishinda kwa dakika 2 na sekunde 16.8, ikawa rekodi ya dunia. Wakimbiaji wa fainali walikuwa tisa, na wote tisa walimaliza. Lakini magazeti mengi yakaandika habari za wanawake walioanguka hovyo njiani na kuzirai. Mwanamume akimaliza mbio na kujilaza kwenye majani, amejituma. Mwanamke akifanya vivyo hivyo, ni dalili kwamba hakuumbiwa mbio. Wakubwa wa michezo waliifuta mbio hiyo kwa wanawake, na haikurudi katika Olimpiki hadi Roma mwaka 1960.

Hapa ndipo napenda turudi nyumbani, katika milima ya Buha, kwa sababu habari hii ya udhaifu wa mwanamke ina shahidi wake hapa.

Wazee wetu wanakumbuka enzi za manamba. Wilaya za Kasulu na Kibondo zilifanywa na serikali ya kikoloni kuwa ghala la vibarua. Wanaume waliandikishwa, wakapewa namba, wakasafirishwa kwa reli hadi mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kutafuta vibarua, iliyojulikana kama SILABU, na shughuli hiyo ikapangwa vizuri zaidi. Mtu aliondoka kwa mwaka, kwa miwili, na wengine hawakurudi kabisa.

Je, nani alibaki akilima miteremko hii? Nani alipanda maharage na mahindi, akapasua kuni, akateka maji bondeni na kuyapandisha mlimani kichwani, mtoto akiwa mgongoni? Ni akina mama. Serikali ile ile ambayo katika shule zake iliamini kwamba msichana asikimbie na mpira kwa kuwa mwili wake ni dhaifu, iliutegemea mwili huo huo ulishe familia nzima ya manamba, ili mwenye shamba la mkonge asilazimike kumlipa manamba mshahara wa kutosha familia. Kwa jembe, mwanamke alikuwa na nguvu. Kwa mpira, hana. Udhaifu gani huu unaokuja na kuondoka kwa amri?

Tena, hata katika mamlaka, Buha ilikwisha kupata somo lake. Kuanzia mwaka 1946 kiti cha Mwami wa Heru, huko Kasulu, kilikaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Watu walipeleka mashauri yao kwake, naye akayaamua. Uchifu ulifutwa nchini mwaka 1963, lakini mfano haukufutwa. Nchi ambayo wazee wake walimkubali mwanamke aketi katika kiti cha Mwami, inakuwaje wajukuu zao wamcheke binti anayeomba kuketi kwenye benchi la kibanda cha gemu?

Tukiangalia vizuri, tutaona kwamba kila mahali wanawake walipopata upenyo hawakukaa ndani ya mistari. Mwaka 1965, katika Michezo ya Afrika kule Brazzaville, Theresia Dismas aliiletea Tanzania medali ya fedha ya kurusha mkuki. Mwaka 1980, kule Moscow, Mwinga Mwanjala alikimbia mita 800 za Olimpiki kwa niaba ya Tanzania, ile ile mbio iliyosemwa kwamba itawaangusha wanawake. Mwaka 2010 timu yetu ya mpira wa miguu ya wanawake, Twiga Stars, ilifika fainali za Afrika nchini Afrika Kusini. Ligi kuu ya wanawake ilipoanza katika msimu wa 2016/17, mkoa wetu wa Kigoma nao ulikuwa na timu humo, Sisterz.

Na mpira wa pete wenyewe je? Uliotengenezwa ili wasichana wacheze kwa utulivu, wao wameufanya mchezo wa kasi na nguvu usiomwonea mtu huruma. Kombe la Dunia la mchezo huo lilipochezwa Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Cape Town mwaka 2023, jirani zetu Waganda walishika nafasi ya tano. Kwa hiyo kijana anayesema "huu si mpira wa pete" kwa dharau, haujui hata huo mpira wa pete. Nampa ushauri aombe namba kwa wasichana hao siku moja, kisha tumuulize kama ameweza kumaliza robo ya kwanza.

Labda mtu atasema: haya, tumekubali habari ya nguvu, lakini kuna michezo ya akili. Kwenye mabaraza yetu, jioni, utaona bao, drafti na karata. Waliokaa ni wanaume. Wanawake wakati huo wako jikoni, halafu tunasema kwamba wanawake hawajui bao! Mtu hawezi kuujua mchezo unaochezwa saa ambayo yeye anapika.

Mwaka 2012, katika mashindano ya chesi ya dunia mjini Istanbul, wasichana wawili wa Uganda, Phiona Mutesi na Ivy Amoko, walipata hadhi ya kimataifa ambayo hakuna mwanamke wa nchi yao aliyekuwa ameipata kabla yao. Phiona alikulia Katwe, mtaa wa mabanda wa Kampala, na chesi aliifahamu kwa kufuata uji uliokuwa ukigawiwa watoto waliokuja kujifunza. Akili ilikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni ubao, mwalimu, na saa moja ya nafasi.

Sasa tumefika kwenye gemu za televisheni na kompyuta. Hapa, ndugu wasikilizaji, visingizio vyote vya zamani vimekwisha. Hakuna kugongana. Hakuna kukimbia hadi kuzirai. Hakuna habari ya mavazi wala uzazi. Kuna vidole, macho na uamuzi wa haraka. Kama kweli tatizo lilikuwa mwili, basi hapa mwanamke angepokewa bila swali.

Lakini sivyo ilivyokuwa. Mwaka 2016, huko Korea Kusini, msichana wa miaka 17 anayejulikana kwa jina la mchezoni la Geguri alikuwa hodari mno katika gemu la kulenga shabaha liitwalo Overwatch, hata wapinzani wake wakasema ni lazima anaiba, kwamba ana programu ya siri inayomlengea. Hawakuwa na ushahidi. Ushahidi wao ulikuwa huo uhodari wenyewe. Ikambidi akae mbele ya kamera, watu wote wakitazama mikono yake, acheze tena. Akacheza vile vile. Mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya dunia ya gemu hilo.

Mwaka huo huo wa 2018, jirani zetu wa Kenya walimpata Sylvia Gathoni, anayeitwa QueenArrow na wachezaji wenzake. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kusajiliwa na timu ya kimataifa ya gemu, akicheza gemu la ngumi na mateke liitwalo Tekken. Amekuwa akieleza waziwazi jinsi wachezaji wa kike wanavyodharauliwa na kutukanwa.

Wapenzi wasikilizaji, tuunganishe basi hayo yote. Mwanzo ilisemwa: mwili wake ni dhaifu. Alipokimbia, ikasemwa: ataharibika. Alipojaza uwanja watu 53,000, ikasemwa: mchezo haumfai. Alipotumia akili, ikasemwa: hayo ni ya wanaume. Alipotumia vidole vyake tu, ikasemwa: anaiba. Na kule Kasulu, binti alipofunga bao lake moja, ikasemwa: amebahatisha. Sababu inabadilika kila anapoishinda, lakini uamuzi haubadiliki. Hapana shaka yoyote kwamba sababu inayobadilika namna hiyo haikuwa sababu tangu mwanzo. Uamuzi ulitangulia, sababu zikatafutwa baadaye.

Nawasikia wazazi wakiuliza: je, unataka mabinti zetu wakashinde kwenye vibanda vya gemu? Hapana, na wala sitaki wavulana washinde humo. Shule kwanza. Nisemalo ni kwamba kipimo kiwe kimoja. Kama saa moja ya mchezo ni nzuri kwa kijana, ni nzuri kwa dada yake. Kama ni mbaya, ni mbaya kwa wote wawili.

Na hilo la saa moja ndilo jambo lenyewe. Tazama barabarani saa kumi jioni, shule zinapofunga, iwe Kasulu au Kibondo. Kijana anakwenda uwanjani. Dada yake, waliyeketi naye darasa moja, anachukua ndoo. Miaka kumi baadaye tunashangaa kwamba kijana anajiamini mbele ya watu, anajua kushindwa na kurudi tena, na dada yake anainamisha macho. Hatukumfundisha kushindana, na sasa tunamdai ushindi katika biashara, katika mitihani na katika uongozi. Mkulima hawezi kudai mavuno katika shamba ambalo hakupanda mbegu.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa walimu wetu: uwanja ule mkubwa uwe na siku za wasichana na siku za wavulana, na uwanja wa pete nao uwe na siku za wote. Kanuni za mchezo zinaweza kubaki zilivyo, lakini kanuni ya kwamba huu ni wa fulani na ule ni wa fulani haimo katika kitabu chochote cha kanuni. Kwa wazazi: gawaneni ndoo. Kijana akiteka maji siku mbili kwa juma, mgongo wake hautavunjika, maana bibi yake aliyapandisha mlima ule ule akiwa na mtoto mgongoni.

Na kwa yule binti wa Kasulu, kama ananisikiliza: lile bao nililiona. Ulimvuta mlinzi upande wa kulia, ukapiga kushoto. Hukubahatisha.

Hadi juma lijalo, kwaherini.